Sababu na matokeo kwenye Kiajemi: mwongozo kamili kuanzia chon mpaka bā'es shod

Ukijifunza Kiajemi (wengi tunakiita Kifarsi) inafika siku una maneno ya kutosha, kusema umeme ulikatika unaweza, kusema nimechelewa unaweza, ila kuviunganisha hivyo viwili ndo kazi. Afu vitabu vingi vinakumwagia viunganishi kumi na kitu kwa mpigo, chon, zirā, chonke, cherā ke, banābarin, lezā, vinakuacha hapo uchague mwenyewe, mwisho wa siku mtu anapiga stori na mshkaji wa Tehran kama anasoma barua ya wizara. Mimi ushauri wangu ni kushika viwili tu kwanza, chon (kwa sababu) na barā hamin (ndo maana), halafu nguvu zote peleka kwenye kitenzi kinachofuata, maana kwenye Kiajemi tofauti ya "kwa sababu" na "ili" mara nyingi inakaa kwenye kitenzi, sio kwenye kiunganishi.

Mambo ya matamshi haraka haraka. Ā yenye kistari ni nzito, mdomo unafunguka inakaribia o, a ya kawaida ni nyepesi. Kh ni ile ya kheri, gh ni ile ya ghali. Alama ' ni kituo kidogo kooni, usipoiweka wanakuelewa tu. Nitaandika kama watu wanavyoongea Tehran, ambako -ān na -ām nyingi zinageuka -un na -um (bārān inakuwa bārun, mvua), na miravam inakuwa miram. Ikiwa ni lugha ya maandishi nitasema.

Na tubebe kisa kimoja ili tusipotee:

Bargh raft. (Umeme ulikatika, wao wanasema "ulienda".)
Gushim shārzh nashod. (Simu yangu haikuchaji.)
Khāb mundam. (Nilipitiwa na usingizi.)
Dir residam sar-e kār. (Nilichelewa kazini.)

Hatua ya 1: chon (چون)

Hii ndo "kwa sababu" ya kila siku, dukani, chuoni, kwenye meseji. Raha yake ni kwamba inakaa popote, mwanzo au katikati, na haigusi kitenzi kabisa:

Chon bargh rafte bud, khāb mundam.
Khāb mundam, chon bargh rafte bud.

Zote sawa. Angalia tu kwamba kila kipande kina kitenzi chake na kitenzi kwa kawaida kinakaa mwishoni mwa kipande chake, usianze kurundika vitenzi vyote viwili mwisho wa sentensi. Na chon inataka sentensi nzima mbele yake, haitaki jina peke yake. Ukitaka kusema "kwa sababu ya mvua" huwezi kusema chon bārun ukaishia hapo, hiyo ina njia yake, hatua ya 4.

Kuuliza kwanini ni cherā (چرا), mtaani utasikia pia barā chi au vāse chi, yani "kwa ajili ya nini". Cherā dir kardi? Chon khāb mundam. Ila cherā ina mtego, hiyohiyo ni jibu la kukanusha swali la kukanusha. Mtu akikuuliza Nemiyāy? (huji?) na wewe unakuja, unajibu Cherā, miyām, hapo haimaanishi kwanini, inamaanisha "nakuja bana, nani kasema siji". Ukiisikia mwanzoni mwa jibu usidhani unaulizwa tena.

Ukisoma mashairi ya zamani utakuta chon kibao ambazo sio sababu, huko inakuwa "kama" au "vipi". Kwenye maongezi usiwaze.

Ndugu yake wa karibu ni hālā ke, "maadamu sasa". Hii utaisikia ukitembelea nyumba ya Muirani hata kama ulikuja kuchukua mzigo tu: Hālā ke umadi, beshin ye chāyi bokhor. Maadamu umeshakuja, kaa unywe chai. (Ndio, chai nayo "inaliwa", bokhor ni kula na kunywa.)

Hatua ya 2: barā hamin, na usiichanganye na barā inke

Barā hamin (برای همین, kwa maandishi barāye hamin) ni "ndo maana" yetu. Inakaa mwanzo wa kipande cha matokeo:

Gushim shārzh nashode bud, barā hamin khāb mundam.
Simu ilikuwa haijachaji, ndo maana nikapitiwa.

Wengine wanasema vāse hamin, ni ileile ya mtaani zaidi, na be khāter-e hamin au be hamin khāter nazo ni sawa tu.

Sasa kuna barā inke (برای اینکه), sura zao zinafanana na hapa ndo watu wanageuza dunia kichwa chini. Barā hamin inatazama nyuma, sababu umeshaitaja. Barā inke inatazama mbele, sababu ndo unaileta. Ni kama "ndo maana" na "maana" kwa Kiswahili, zinafanana ila ukizibadilishana unasema kinyume. Jaribu: Khāb mundam barā inke gushim shārzh nashode bud, nilipitiwa maana simu ilikuwa haijachaji, sawa. Khāb mundam barā hamin gushim shārzh nashode bud, umesema usingizi wako ndo ulioizuia simu kuchaji.

Na pas (پس) je? Kamusi itakwambia ni "kwa hiyo", kweli, ila kwenye maongezi pas ni ya kukisia kutokana na ulichosikia zaidi kuliko kusimulia tukio lililoleta tukio. Pas nemiyāy? Kwa hiyo huji? Pas to budi! Kumbe ulikuwa wewe! Kwa kusimulia kilichotokea barā hamin ni salama zaidi. Pia usishtuke ukiona pas az, hiyo ni "baada ya", mambo mengine kabisa.

Hatua ya 3: kitenzi ndo kinaamua kama ni sababu au lengo

Hii hatua kaa nayo hata wiki nzima, sio mbaya. Sisi tuna "kwa sababu" na tuna "ili", maneno mawili tofauti, hakuna atakayechanganya. Kiajemi barā inke inafanya kazi zote mbili, na kinachokwambia ni ipi ni kitenzi. Tazama hizi mbili:

Barā inke dir shode bud, tāksi gereftam.
Kwa sababu muda ulikuwa umeenda, nilichukua teksi.

Barā inke dir nashe, tāksi gereftam.
Ili nisichelewe, nilichukua teksi.

Teksi ileile, kiunganishi kilekile. Ya kwanza kitenzi ni shode bud, jambo limetokea kweli, basi ni sababu. Ya pili ni nashe, ile hali ambayo sisi tunaimaliza kwa -e (niende, ufike, isichelewe), jambo bado liko kichwani, basi ni lengo. Kanuni ndo hiyo, jambo la kweli linachukua kitenzi cha kawaida, jambo la kutaka linachukua kitenzi cha "niende".

Kukitengeneza hicho kitenzi chukua shina la wakati uliopo, toa mi-, weka be-: miram (naenda) inakuwa beram (niende), miresam (nafika) inakuwa beresam (nifike). Ukikanusha, be- inaondoka kabisa inabaki na-: naram (nisiende), naresam (nisifike). Watu wanakwama hapo kwa sababu kuna nemiram pia, "siendi", na masikio yanaona kama zinafanana. Ne-mi ni kweli haitokei, na- peke yake kwenye wakati uliopo ni isitokee. Nashe na nemishe, zirudierudie kwa sauti mpaka zitengane.

Lengo lina viunganishi vyake pia, tā (تا) kwenye maandishi na kwenye maongezi hata ke tupu inatosha: Umadam ke bebinamet, nimekuja nikuone. Unaona hata sisi "ili" tunaitupa hapo.

Kuna na ile ya kukana sababu ambayo ni muhimu sana kwenye kukataa mwaliko kistaarabu: Na inke nakhām, vaght nadāram. Si kwamba sitaki, sina muda. Nakhām iko kwenye hali ya "nisitake" kwa sababu ndo unaikana, nadāram ni ya kawaida kwa sababu ndo ukweli wenyewe (kitenzi hiki cha "kuwa na" hakichukui mi-, ndo maana huoni nemi- hapo).

Hatua ya 4: sababu ikiwa ni jina, sio sentensi

Ya kila siku ni be khāter-e (به خاطرِ). Hiyo -e mwishoni ndo ezāfe, gundi inayobandika neno na neno, na ikikuta irabu inakuwa -ye. Be khāter-e bārun dir residam, nilichelewa kwa sababu ya mvua. Be khāter-e ghat'i-ye bargh dir residam, kwa sababu ya kukatika umeme. Pia ni "kwa ajili ya" ya mapenzi, be khāter-e to umadam, nimekuja kwa ajili yako, kwa hiyo sauti na mazingira yatakwambia kama unalaumiwa au unapendwa.

Ikiwa ni hisia au hali ya mwili, hata be khāter-e usiitumie, az (از) peke yake inatosha na inasikika Kiajemi zaidi:

Dāram az gorosnegi mimiram. (Nakufa na njaa.)
Az khande mordim. (Tulikufa kwa kicheko.)
Az tars rangesh parid. (Kwa woga rangi "ikamruka", yani alipauka.)

Kero ina ya kwake, az dast-e, "kutoka mkononi mwa". Az dast-e hamsāye khāb nadāram, huyu jirani hanipi usingizi. Kinyume chake be lotf-e, kwa fadhila za: be lotf-e shomā ghabul shodam, nimefaulu kwa msaada wenu, na kama kwetu tu inaweza kutumika kwa kejeli.

Za kwenye karatasi na vibao: be ellat-e (به علتِ) na be dalil-e (به دلیلِ). Duka limefungwa mlangoni kumeandikwa be ellat-e ta'mirāt ta'til ast, limefungwa kwa matengenezo. Na bar asar-e (بر اثرِ) ni ya habari, hasa ajali na maafa: Bar asar-e zelzele-ye Bam dar sāl-e 1382 hezārān nafar jān bākhtand, kutokana na tetemeko la Bam mwaka 1382 maelfu ya watu walipoteza maisha. Huo 1382 ni kwa kalenda yao, tetemeko lilipiga Desemba 2003. Kwenye mambo mazuri ya kila siku bar asar-e haizoeleki sana.

Kwa sisi haya ya karatasi yana unafuu, mengi ni ya Kiarabu na tunayo pia: sabab ni sababu, asar ni athari. Wao th wanaitamka s na dh wanaitamka z, ukijua hilo unatambua mengi. Ila dalil kwao ni sababu au hoja, sio dalili ya ugonjwa, na mowjeb peke yake ni chenye kusababisha, ingawa be mowjeb-e ni "kwa mujibu wa" yetu hiyohiyo.

Hatua ya 5: "mpaka", "kiasi kwamba"

Muundo ni enghad … ke (آن‌قدر … که, ukiandika rasmi ni ānghadr):

Enghad khaste budam ke sedā-ye zang-o nashnidam.
Nilichoka mpaka sikusikia alamu.

Kwa vile matokeo yametokea kweli kitenzi ni cha kawaida, nashnidam. Ila ukiwa unaagiza au unatamani matokeo, rudi hatua ya 3: Enghad boland harf bezan ke hame beshnavan, ongea kwa sauti kubwa kiasi wote wasikie. Kama jambo halikuwezekana kabisa kwa uchovu, wana hii: Khaste-tar az un budam ke beram birun, nilichoka mno sikuweza kutoka, neno kwa neno "mchovu zaidi ya kwamba niende nje", na beram iko hali ya -e maana sikuenda.

Halafu kuna az bas (از بس), naipenda kuliko zote kwa sababu ina malalamiko ndani yake. Az bas harf zad, saram dard gereft. Aliongea aliongea mpaka kichwa kikaniuma. Tofauti na enghad, hapa hakuna ke kabla ya matokeo, na unaweza kuipeleka mwisho, saram dard gereft az bas harf zad. Ukitaka kusikika kama mtu aliyekaa nao, jifunze hii mapema.

Hatua ya 6: kusababisha kwa kitenzi

Cha kwanza ni bā'es shodan (باعث شدن). Kikifuatwa na jina kinachukua ezāfe: Bārun bā'es-e terāfik shod, mvua ilileta foleni. Kikifuatwa na sentensi, kitenzi kinachofuata kinaenda hali ya -e hata kama jambo limeshatokea:

Bārun bā'es shod dir beresam.

Wazungumzaji wa lugha nyingine wanalia sana hapa, inakuwaje jambo la jana liwe beresam? Sisi tusilie, tunasema "mvua ilisababisha nichelewe", nichelewe nayo ni ya jana. Fuata sikio lako la Kiswahili. Nazāsht (hakuacha) inafuata njia hiyohiyo, sedā-ye sag nazāsht bekhābam, sauti ya mbwa haikuniacha nilale, na vādāram kard beram, alinilazimisha niende.

Njia ya pili ni kubadilisha kitenzi chenyewe, kama sisi na -sha na -za zetu. Wao wanaingiza -ān- kwenye shina, mtaani inasikika -un-. Residan (kufika) inazaa resundan (kufikisha), khandidan (kucheka) khandundan (kuchekesha), khābidan (kulala) khābundan (kulaza), fahmidan (kuelewa) fahmundan (kufahamisha). Māmān bachche ro khābund, mama alimlaza mtoto. Mwenye gari akikwambia Miresunamet anakupa lifti, "nakufikisha". Sio kila kitenzi kinakubali, raftan (kwenda) haina, watasema bordan, kupeleka, kwa hiyo usijitungie.

Vitenzi vya vipande viwili, ambavyo ndo vingi kwenye Kiajemi, ni rahisi kuliko vyote: shodan ni kitu kimejitokea, kardan ni kuna mtu kafanya. Kharāb shod, imeharibika, kharābesh kard, kaiharibu. Bidār shodam, niliamka, bidāram kard, aliniamsha. Gom shod na gomesh kard, imepotea na kaipoteza. Ukivunja glasi ya watu utaona kwanini shodan ina soko.

Hatua ya 7: vidogo vidogo vya mdomoni

Ke baada ya amri inabeba sababu nzima: Bokhor ke sard mishe, kunywa itapoa. Boro ke dir shod, nenda muda umeenda. Vagarna (وگرنه) ni "la sivyo": Zud bāsh, vagarna dir miresim, harakisha la sivyo tutachelewa. Na dige mwishoni mwa sentensi ni kama kusema "ndo hivyo", sababu unaitoa kama kitu kilicho wazi hakihitaji maswali: Khaste budam dige, si nilikuwa nimechoka bana. Kwa bosi iangalie, inaweza kusikika kama unamjibu.

Hatua ya 8: ya kusoma na kuandika

Zirā (زیرا) ni "kwa kuwa" ya maandishi na haikai mwanzo wa sentensi kama chon, inakuja baada ya jambo kuu. Cherā ke tabia yake ni hiyohiyo. Ukitaka kuanza na sababu kwenye insha tumia az ānjā ke (از آنجا که). Kwa matokeo kuna banābarin (بنابراین) na dar natije (در نتیجه), zote nzuri kwa mwanafunzi. Chon mwanzo na banābarin katikati kwenye sentensi moja ni mzigo, moja inatosha. Habari zinapenda monjar be … shodan, kupelekea: In tasmim monjar be este'fā-ye vazir shod, uamuzi huu ulipelekea waziri kujiuzulu. Na nāshi az ni "inayotokana na", khesārat-e nāshi az seyl, hasara iliyotokana na mafuriko.

Lezā (لذا) iachie barua za ofisi. Kile kisa chetu kikiwa barua kinakuwa hivi:

Be ellat-e ghat'-e bargh, injāneb bā ta'khir dar mahall-e kār hāzer shodam, lezā khāheshmand ast in ta'khir rā movajjah talaghghi farmāyid.

Kutokana na kukatika kwa umeme nilihudhuria kazini kwa kuchelewa, hivyo mnaombwa kuchukulia kuchelewa huku kuwa na udhuru. Injāneb ndo "mimi" ya kwenye barua. Mdomoni mtu huyohuyo anasema tu Bebakhshid dir kardam, bargh rafte bud, gushim shārzh nashode bud, khāb mundam dige, hakuna kiunganishi hata kimoja na kila mtu kaelewa.

Kama unaoongea nao ni Waafghani, mengi ya hapa yanafanya kazi, chon wao wanaitamka chun, na mtu wa Kabul akisema az i khāter ni barā hamin hiyohiyo. Watajiki wanaandika kwa herufi za Kirusi, "kwa sababu" kwao ni chunki au zero, ambayo ndo zirā yenyewe.